Nyekundu Kushoto, Buluu Kulia

Kihara alikuwa ameapa hatashuka garini. Angemfikisha Wendy, binti wa Kagure, mlangoni pa hoteli, angemwacha alale akitaka, na yeye angejikunja ndani ya Probox yake hapo uani mpaka kupambazuke. Lakini mvua ya Naro Moru haimwulizi mtu amepanga nini. Iliwapokea Kiganjo, ikawasindikiza njia yote, na walipoingia uani mwa hoteli saa kumi na moja jioni, maji yalikuwa yakipita chini ya magurudumu kama mfereji.

"Baba Munene, huko ndani utaganda," Wendy alimwambia. "Nimeshakuchukulia chumba. Usinibishie."

Hakumbishia. Mtu aliyenyamaza miaka kumi na sita hata kubisha husahau.

Hoteli haikuwa imebadilika, na hilo ndilo lililomnyong'onyeza. Ghorofa moja ya mawe, rangi ya kijani inayobambuka, jiko la nyama choma chini, vyumba juu, na kibao kinachoahidi maji moto saa zote. Hapa hulala madereva wa malori, watu wanaopanda mlima kesho yake, na wachuuzi wa viazi waliokosa gari. Bei haimtishi mtu, na hakuna anayekuuliza umetoka wapi.

Mapokezini alikaa mzee mwenye kofia ya sufu iliyofunika masikio. Wamae. Yule yule. Alimpa kila mmoja ufunguo uliofungwa kwenye kipande cha ubao, kisabuni kidogo, karatasi ya choo, na patipati, zile ndala za mpira. Ya kushoto nyekundu, ya kulia buluu.

"Mzee, hizi hazifanani," Wendy akasema.

"Hazifanani kwa kusudi. Zikifanana zinapanda gari na wageni. Tangu nianze kuzichanganya hakuna mtu ametoka na zangu." Wamae akakuna kofia. "Mmoja tu. Na huyo hakufika mbali."

Kihara akachukua ufunguo wake na sabuni, akapanda ngazi. Patipati akaziacha juu ya meza.

Walikula chini, karibu na jiko. Wendy aliagiza chapati na maharagwe, na chai mbili. Alikaa upande upande, mkono mmoja juu ya tumbo la miezi saba, viatu vyake vilivyolowa amevivua chini ya meza.

"Gari yako haina kioo hapa ndani, cha kuangalia nyuma," alisema.

"Ilianguka."

"Nimekuona ukiendesha tangu niko shule. Haijawahi kuwa nayo."

Kihara akakata chapati.

"Sikukuita unibebe," Wendy akaendelea, bila kupandisha sauti. "Gatitu magari ni mengi. Nimekuita kwa sababu ni wewe uliendesha siku ile ya mum, walipolala hapa. Huyu mtoto ni msichana, wameniangalia na mashine. Wa kwanza aliitwa mama ya bwana yangu, ndio desturi, sina shida. Wa pili ni wa mama yangu. Ni Kagure. Sasa watu wa bwana yangu huko Kutus wamekaa wakasema hiyo jina haiingii boma yao. Ati jina ya mwanamke alikufa na patipati za lodging kwa miguu. Mama mkwe akaniambia, tafuta shangazi yako yeyote, hata aliyekuwa mlevi, tutamwita huyo."

"Hiyo ni maneno ya watu."

"Ni maneno ya Mama Monicah wa kikundi cha mum. Yeye ndiye alisema mum alibaki na mtu. Sasa niambie wewe, Baba Munene. Alibaki na nani?"

Kihara alitazama makaa. Mafuta ya nyama yalidondoka, moshi ukainuka.

"Mimi nilikuwa naangalia barabara," akasema.

Ndilo jibu alilowapa polisi. Lilikuwa limezoea kinywa chake kiasi kwamba lilitoka lenyewe. Wendy akasukuma sahani. "Basi kesho tutoke mapema," akasema. "Na mimi nitatafuta jina lingine."

Miaka kumi na sita iliyopita ilikuwa hivi. Kikundi cha akina mama wa Gatitu kilikuwa na wanawake kumi, na kilijiita Kenda Muiyuru, yaani tisa iliyojaa. Kwa wazee wa kwao mtu hahesabiwi. Magunia utahesabu, miche ya kahawa utahesabu, lakini ukinyoosha kidole useme hawa watu ni kumi, umeuonyesha mkosi pa kuanzia. Basi kumi huitwa tisa iliyojaa, mkosi ukabaki ukitafuta.

Walikuwa wametoka Nanyuki kumwona binti wa mmoja wao aliyejifungua. Mvua iliwafungia njia, wakalala hapa. Asubuhi kulikuwa na ukungu mzito kama uji. Wakapanda gari na usingizi machoni, magunia ya karoti waliyonunua njiani yamejaa mpaka kwenye madirisha, hivi kwamba wa mbele hakumwona wa nyuma. Monicah, mwenyekiti wao, akaomba Mungu. Kisha akaita kama alivyoita kila safari: "Kenda?" Wote wakajibu: "Muiyuru." Huko ndiko kulikuwa kuhesabiana kwao. Hakuna aliyegeuza shingo. Kihara naye, mtoto wa mama aliyemkataza kuhesabu hata vifaranga, akatia gia.

Kagure alikuwa ameingia garini mapema, akaweka viatu vyake vilivyolowa chini ya kiti, kisha akarudi msalani na patipati za hoteli. Mara moja tu.

Na kioo. Hicho Kihara hakuwahi kumwambia mtu, hata mkewe. Alipokuwa akiingia barabarani alitazama kwenye kioo, akaona mkono umeinuliwa ndani ya ukungu. Mkono tu, bila mtu. Akafikiri ni mtu anaomba kubebwa. Gari limejaa, akajisemea, akakanyaga mafuta.

Waligundua hayupo walipofika Gatitu, kila mama alipochukua gunia lake na gunia moja la karoti likabaki bila mwenyewe. Wakati huo lori lilikuwa limeshamgonga Kagure pale darajani karibu na hoteli, akikimbia kuwafuata, moja nyekundu, moja buluu. Polisi walipouliza, Monicah alisema marehemu aliamua kubaki, kuna mtu alikuwa anamwona. Wenzake wakaangalia chini. Kihara akasema alikuwa anaangalia barabara. Aliogopa kufungwa. Baada ya siku mbili, akiosha gari, alikuta viatu chini ya kiti. Vyeusi, vya mkanda, kisigino kimoja kimeshonewa kipande cha tairi. Mwanamke anayebaki na mtu haweki viatu vyake kwenye gari linaloondoka. Kihara alilielewa hilo akiwa amechuchumaa na kitambaa mkononi. Akavifunga ndani ya mfuko wa unga. Kutupa alishindwa. Alipobadilisha gari, navyo vikahama. Sasa vilikuwa chini ya gurudumu la akiba, hapo uani, kwenye mvua.

Hakulala. Mvua ilipokatika alisikia patipati kwenye ujia. Ya kwanza inagonga sakafu, ya pili inaburuta. Akajiambia ni dereva wa lori anatafuta choo. Mlio ukaja mpaka mlangoni pake, ukasimama. Akangoja usikike ukirudi. Haukurudi. Akakaa kitandani amevaa koti, akitazama chini ya mlango, mpaka dirisha likawa jeupe.

Alipofungua, patipati zilikuwa pale kwenye kizingiti. Nyekundu kushoto, buluu kulia, zimeelekea ndani. Zilikuwa zinatiririka maji, na katikati ya vidole kulikuwa na mchanga wa barabarani.

Akaziruka. Wamae alikuwa amekaa kwenye kiti chake, akipuliza chai.

"Ni wewe umeniletea patipati juu?"

"Mimi?" Wamae akacheka bila meno. "Magoti yangu hayajapanda hiyo ngazi tangu Krismasi. Kama unataka kuhudumiwa hivyo, nenda kwa hoteli za wazungu huko Nanyuki."

Meza ilikuwa tupu. Kihara akatoka.

Wendy alikuwa tayari kando ya gari, amevaa patipati zake, shuka limemzunguka mabega. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa.

"Washa, ipate moto," alisema, akafungua mlango wa mbele na kuweka viatu vyake chini, mahali pa kupigwa na joto. "Viatu hazijakauka. Narudi msalani mara moja, hii mimba hainipi nafasi."

Akaingia ndani.

Kihara akawasha. Akatazama vile viatu vya Wendy pale chini, viwili, vimelowa, vinamngoja mwenyewe, na mwili wake ukafanya jambo ambalo hakuliamua. Mguu ukakanyaga, mkono ukatia gia. Alitaka kuwa Kiganjo. Alitaka kuwa mahali popote palipo na jua. Gari likavuka lango, likageuka, likashika lami kuelekea darajani, na hapo jicho likaenda lenyewe kwenye kioo cha pembeni.

Mkono ulikuwa umeinuliwa ndani ya ukungu. Mkono tu, bila mtu. Na nyuma yake mlio, moja inagonga, moja inaburuta.

Akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari likateleza, likazima. Akaweka paji la uso juu ya usukani. Wala hakuhitaji kuangalia mbele ili ajue amesimama wapi. Maji ya mto alikuwa akiyasikia.

Mlango ukafunguliwa. Wendy alikuwa anahema, ameshika tumbo.

"Baba Munene. Ulikuwa unaniacha?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kama nilivyomwacha mama yako." Alisema bila kuinua kichwa. "Hakubaki na mtu. Alikuwa ameingia. Akaenda choo. Monicah akaita kenda, tukajibu muiyuru, nikaenda. Nilimwona kwa kioo. Aliinua mkono. Nikasema gari imejaa."

Lori likapita kutoka Nanyuki, taa zimewashwa, Probox ikatikisika. Kihara akashuka, akaenda nyuma, akainua gurudumu la akiba, akarudi na mfuko wa unga uliokakamaa kwa kukaa. Akaufungua juu ya kiti. Ngozi ilikuwa imepasuka na kuota ukungu wa kijivu, lakini kipande cha tairi kilikuwa bado kimeshika.

Wendy akakipapasa kwa kidole gumba. "Hii nilipeleka mimi kwa fundi," alisema. "Aliniambia nikimbie, anaitaka kesho, anaenda safari." Akakaa ukingoni mwa kiti, akavua patipati ya kushoto, akajaribu kuingiza mguu. Haukuingia. Miguu yake ilikuwa imevimba. Akajaribu tena, polepole, kisha akaacha.

"Miaka kumi na sita," alisema. "Cucu wangu, mama ya mum, aliacha kwenda kanisa. Alikuwa anauza maziwa kwa mlango ya nyuma, asionwe. Amekufa hivyo. Na hii ilikuwa kwa buti yako, unabeba na gunia za watu."

"Ndiyo."

"Usiniambie ndiyo ndiyo."

Kihara akaukunja ule mfuko wa unga.

"Leo hatuendi Gatitu," Wendy akasema baadaye. "Tunashuka Kutus. Utakaa mbele ya mama mkwe, utoe hivi viatu, useme vile umesema hapa. Mkono na kila kitu. Halafu tutapitia kwa Mama Monicah, umwambie yeye pia."

"Wanaweza kunipeleka polisi."

"Wanaweza."

Kihara akatazama lami. Ukungu ulikuwa umeanza kuachana, na kati ya mawingu mlima ulitoa bega moja jeusi kisha ukalificha. Alikuwa na miaka hamsini na nane. Aliona kwamba hofu ya kufungwa aliyokuwa akiitunza siku zote hizo ilikuwa imechakaa kuliko hivyo viatu.

"Rudisha kwanza patipati za mzee," akamwambia Wendy.

Walirudi nyuma mpaka langoni. Wamae alikuja mwenyewe kuzichukua, akachungulia ndani ya gari, akaviona viatu kwenye kiti cha nyuma, pale Wendy alipoviweka kimoja kando ya kingine kama vya mtu aliyekaa. Alisimama tu akizipangusa patipati kwenye suruali yake.

Wendy akafunga mkanda. "Twende."

"Ngoja," Kihara akasema.

Akainua kidole. Mama yake angekipiga kwa mwiko. Akakielekeza kifuani pake mwenyewe. "Mmoja." Akamwelekezea Wendy. "Wawili." Kidole kikashuka kuelekea tumboni, na Wendy akakisukuma kando haraka.

"Huyo bado. Usimhesabu."

Kidole kikabaki hewani. Kisha Kihara akageuza shingo, mwili mzima, akatazama kiti cha nyuma, kwa sababu kioo cha ndani hakikuwepo na sasa alitamani kingekuwepo. Kiti kilikuwa kimelowa. Si pale penye viatu tu. Kilikuwa kimelowa mpaka kwenye egemeo, kwa kimo cha mgongo wa mtu mzima.

"Na huyo?" Wendy akauliza, akiangalia mbele.

"Watatu," Kihara akasema, na akangoja kidogo, mpaka aliposikia mlango wa nyuma umefungika vizuri, ndipo akatia gia.