Rambirambi Zilizomezwa na Ploti

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe kumi na tatu Machi 2025, siku ya kumtoa mke wangu Mokeira mochari hapa Kisii tumpeleke nyumbani Nyamira. Tungemzika Ijumaa mapema, kabla Sabato haijaingia. Ndugu zangu walikuwa wameshachimba kaburi.

Mimi na Mokeira tulinunua nyumba yetu ya ghorofa ya nne kwa jasho la majani chai. Kila mwezi kamati ya ploti, yaani ya jengo letu, ilitaka pesa ya maji, taka na askari, na tulilipa. Pampu ikafa. Mokeira, na moyo wake ule mgonjwa, akawa anapanda ngazi na mitungi mpaka miguu ikavimba. Nikamwambia mwenyekiti, Mwalimu Obwocha, maji yasipopanda juu, pesa yangu haishuki chini. Akacheka, nami nikaacha kulipa.

Mokeira alipokufa, jirani yetu Anyiko akapitisha mchango mlango kwa mlango. Hakutaka kushika pesa mkononi watu wamseme, kwa hivyo akawaambia watume kwa simu, kwa namba ile ile ya ploti tunayolipia maji na taka, waandike namba ya nyumba yangu. Mama wa watu alidhani hiyo ndiyo njia safi.

Asubuhi hiyo tukaenda kwa Obwocha kuchukua pesa tulipe mochari.

"Pesa gani, Baba Sharon? Iliingia kwa nyumba yako, ikalipa deni la nyumba yako. Sasa hudaiwi. Pole, na hongera."

"Mwalimu, hiyo ni ya maiti!" Anyiko akapiga kelele.

"Mama, mtambo wa malipo haujui maiti."

"Na wewe je? Ama na wewe ni mtambo?"

Akatufungia mlango.

Kwetu kaburi halilali tupu. Ndugu zangu wakalaza mgomba ndani. Sabato ikaingia, watu wakaimba, mke wangu yuko kwa friji kama nyama. Nikauza ng'ombe aliyemkamua kwa mikono yake ndipo nikamzika, Jumatatu, na mvua.

Juzi kamati iliita mkutano wa wenye nyumba. Obwocha akajisifu eti amekusanya madeni yote. Wakampigia makofi, wale wale waliochanga, na pampu bado imekufa! Nikasimama nikawauliza jambo moja. Mpaka leo tukipitana kwa ngazi wanaangalia viatu vyao.

Nyinyi mliotoa, mlikuwa mnamzika nani?