Kigari cha Rangi ya Gereji

Kuna neno moja lilikuwa linamchoma Ryohei kuliko tusi: umejitahidi. Bora mtu amwambie gari lako takataka, lirudishe kwenye boksi, wakunjane mashati, yaishe. Lakini umejitahidi? Hilo unamwambia mtoto aliyeanguka kwenye mbio akamaliza wa mwisho huku kamasi zinamtoka.

Na pale kwenye chama chao cha kuunda vigari vya plastiki, mjini Shizuoka, neno hilo lilikuwa kama salamu. Walikutana Jumapili moja kila mwezi, ghorofani kwenye ukumbi wa mtaa. Wanatandika kitambaa cheusi mezani, kila mtu anatoa kigari chake kwenye boksi taratibu kama anaiba yai chini ya kuku. Halafu wanazunguka meza, mikono nyuma, maana kugusa gari la mwenzako ni sawa na kumshika mke wake kiuno. Wakimaliza kuzunguka wanakaa, wanamiminiana chai, na kila mmoja anasema neno juu ya kazi ya mwenzake. Neno lenyewe sasa ndio hilo. Umejitahidi. Inaonekana umetumia muda. Magurudumu yanang'aa.

Ryohei alishawajua. Gari likiwa zuri kweli, wanalisogelea na kunyamaza. Likiwa la hivi hivi, wanasifia magurudumu. Likiwa bovu kabisa, wanasifia kibao cha mbao lilichowekwa juu yake. Ukisikia mtu anakuuliza kibao hiki ni mti gani, jua umekwisha.

Yeye hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. Shule aliiacha mapema, mwalimu alimchosha, akaingia gereji ya Bwana Kanbe kama fundi wa bodi na rangi. Huko ukikosea unaambiwa umekosea, tena kwa sauti, mbele ya mwenye gari. Ndivyo alivyojifunza, na alijifunza vizuri. Watu walileta magari kutoka mji wa Hamamatsu apulizie yeye tu. Sasa mtu kama huyo, anayepaka magari ya kweli yanayotembea barabarani, ashindwe rangi na daktari wa meno pale chamani? Ashindwe na mwalimu wa chekechea? Haikumwingia akilini.

Lakini alikuwa anashindwa. Kila mwezi wa tano vyama vya nchi nzima vinakuja mjini kwao na vigari vyao, watu wanapanga foleni kuviona. Chama chao kinapewa meza moja, na Mzee Hagiwara, mwenyekiti, ndiye anayechagua magari ya kwenda. Mwaka wa kwanza Ryohei alikosa, akaambiwa meza imebana. Mwaka wa pili akakosa, meza imebana. Meza gani hii inabana kwake tu? Mwaka huu alisema potelea mbali, nitawawekea kitu ambacho hawawezi kukikataa.

Akaunda kigari cha Skyline ya zamani, ile ya milango miwili, rangi ya fedha. Na rangi, kama kawaida yake, hakununua vikopo vya dukani kama wenzake. Alitafuta namba ya rangi yenyewe, ile iliyogongwa kwenye kibati cha gari la kweli, akaichanganya gerejini kwa mzani, akapuliza, akapiga klia, ile rangi angavu ya juu ya kung'arisha, tabaka juu ya tabaka, akasugua kwa msasa wa maji mpaka taa ya dari ikaonekana kwenye paa lake. Bwana Kanbe mwenyewe alikuja akaguna kwa kuridhika, na Bwana Kanbe haguni ovyo.

Akapiga picha, akatupia kwenye kundi la chama la simu. Wakamwagia alama za makofi mpaka simu ikatetemeka. Kisha Bi Amano, yule mwalimu wa chekechea, akaandika kwamba kibao kile ni kizuri sana, ni mti gani?

Ryohei akaifunika simu juu ya benchi.

Siku ya kikao, siku yenyewe ya kuchagua, alimbana Kosugi kwenye ngazi. Kosugi ndiye daktari wa meno, mtu mnene wa utani, ndiye pekee pale ambaye Ryohei angeweza kumwita rafiki.

"Kaka, niambie ukweli. Gari langu lina nini?"

"Halina kitu. Zuri."

"Zuri vipi?"

"Zuri tu, dogo. Umejitahidi."

"Rudia hilo neno nikung'oe jino mimi, bila ganzi."

Kosugi akacheka, akamchomolea chungwa mfukoni kama mtu anayembembeleza mbwa, akapanda juu. Ryohei akabaki na chungwa mkononi na hasira shingoni.

Kule juu mambo yakaenda kama kawaida yao. Mzee Hagiwara mwaka huu alileta kigari chekundu cha wazi, cha viti viwili. Huwezi kumnyima mtu haki yake, kilikuwa kitu cha kutazamwa. Viti utadhani vina ngozi ya kweli, usukani mwembamba kama unywele. Ila Ryohei alikuwa amekiona tangu vikao vilivyopita, na kila akikiona jicho lake linakwenda palepale: gurudumu la mbele kushoto halikugusa chini. Limening'inia. Kidogo tu, lakini gari likishasimama kwa magurudumu matatu limeshakuwa kichekesho. Fundi yeyote angeliona, na wale wote walikuwa mafundi. Wakazunguka, wakafika kwa mzee, Bi Amano akasifia kioo. Mwingine akasifia usukani. Kosugi akasema rangi nyekundu inamkumbusha ujana wake, watu wakacheka.

Kisha Mzee Hagiwara akafika kwa Skyline. Akapandisha miwani kwenye paji, akainama, akakaa pale muda mrefu. Mzee akanyooka, akamwangalia kwa upole kabisa.

"Kibao hiki," akasema. "Ni mti wa mcheri?"

Wakakaa. Wakamiminiana chai. Mzee akaanza kutaja magari ya kwenda maonyeshoni, la Bi Amano, la Kosugi, la fulani, lake mwenyewe, na alipofika mwisho akasema kwa masikitiko kwamba wapo waliojitahidi sana, lakini mwaka huu tena meza imebana.

Hapo kitu kikakatika ndani ya Ryohei. Hakupiga kelele. Alisimama, akachukua karatasi iliyofungiwa andazi lake la maharage, akailainisha kwa kidole gumba, akaenda mpaka kwenye kigari chekundu. Watu wakafikiri anataka kukigusa, Bi Amano akanyanyuka nusu. Hakukigusa. Aliiingiza karatasi chini ya gurudumu la mbele kushoto, ikapita. Akaitoa upande wa pili. Akaipitisha tena, polepole, kama anafuta vumbi.

"Mzee Mwenyekiti," akasema, "gari lako lina miguu mitatu."

Kosugi akawa anachunguza maganda ya chungwa lake jingine kana kwamba ni jino la mteja. Bi Amano akamwambia Ryohei kwa sauti ya chini, ile ya kuwaambia watoto wenye fujo, akae. Hakukaa.

Mzee Hagiwara alikuja akainama, akaipitisha karatasi mwenyewe. Alipogeuka hakumtazama Ryohei, aliwatazama wale wengine.

"Mlikuwa mnajua?"

Watu wakaangalia kitambaa cheusi.

"Nauliza. Mlikuwa mnaliona hili?"

Bi Amano akakiri, macho kwenye kikombe, kwamba waliliona tangu kikao cha mwezi wa pili. Walifikiri atalirekebisha. Halafu wakafikiri labda macho ya mzee... basi wakaona si vizuri.

Mzee akatikisa kichwa. "Nilikipeleka Hamamatsu, kwenye chama chao. Nikakaa nacho pale siku nzima." Akaikunja ile karatasi. "Wakanisifia kibao."

Mtu mmoja mwisho wa meza akacheka kwa bahati mbaya, akajidai anakohoa. Ryohei aliyekuwa anasubiri kushangilia moyoni akakuta hakuna cha kushangilia. Alikuwa anamwona mzee mzima anajikumbuka amekaa Hamamatsu, ameshika kikombe, anapokea pongezi. Lakini hasira nayo haikuwa imeisha.

"Haya," mzee akasema, na sauti yake sasa haikuwa na upole wowote. "Lete la kwako hapa dirishani. Unataka kuambiwa?"

"Ndicho kilichonileta hapa tangu siku ya kwanza."

"Rangi umeitoa wapi?"

"Gerejini. Rangi halisi, Mzee. Namba ileile ya gari la kweli."

"Ndiyo shida yako." Akatoa lenzi ya kukuzia mfukoni, akaiweka juu ya boneti. "Gari umelipunguza mara ishirini na nne. Rangi hukuipunguza. Hizi chenga za fedha, kwenye gari la kweli ni vumbi. Hapa ni changarawe. Kamtu ka kipimo hiki kangesimama mlangoni hapa, kila chenga kangeiona kama punje ya ufuta. Angalia mwenyewe."

Ryohei akaangalia. Alitaka kubisha, mdomo ulishafunguka kabisa kusema hiyo ndiyo rangi ya kiwandani, nyie ndio mnaopaka rangi za uongo. Lakini chini ya lenzi lile boneti lilikuwa kama barabara iliyomwagwa kokoto ikisubiri lami. Kwa kuiona rangi hiyo gerejini kila siku kwenye gari kubwa, jicho lake lilikuwa limezoea. Lilikuwa linaona namba ya rangi, halioni gari.

Mzee hakumwacha apumue. Na klia, akasema, umeipiga kama unakinga mvua ya miaka kumi, imejaza mistari ya milango yote. Mlango huu hata kwa mtaimbo haufunguki. Hili si gari, ni sabuni iliyochorwa gari.

"Basi mbona hamkuniambia?" Ryohei akawageukia wote. "Mwaka jana rangi ya gereji. Mwaka juzi rangi ya gereji. Mmekaa mnaniangalia tu?"

"Nani akuambie?" Kosugi akasema, safari hii bila utani. "Wewe ndiye fundi wa rangi, dogo. Kila kikao unatuambia vikopo vyetu ni rangi ya kucha. Nikuambie mimi, mng'oa meno, kwamba rangi ndiyo mbovu? Kulikuwa na jamaa hapa kabla yako, aliambiwa tairi zake si za mwaka ule wa gari. Akafunga boksi, hakurudi. Mpaka leo tukipita dukani kwake anageukia ukutani."

Ryohei akaichukua Skyline pale dirishani, akairudisha kwenye kibao chake.

Mzee Hagiwara akachukua kalamu, akakata jina la gari lake mwenyewe kwenye karatasi ya maonyesho. Akamtazama Ryohei.

"Nafasi moja iko wazi. Unaitaka? Naandika Skyline yako sasa hivi. Hivi ilivyo."

Haikuwa dhihaka, au labda nusu ilikuwa dhihaka. Hilo ndilo jambo alilolililia miaka yote, limewekwa mezani mbele yake, na kalamu imeshagusa karatasi. Aliwaza watu wa foleni ile ndefu wakiinama juu ya gari lake. Akawasikia wanavyosema, kwa upole.

"Siitaki," akasema. "Gari haliendi hivi lilivyo."

"Mwezi wa tano si mbali. Hutawahi."

"Najua sitawahi."

Mzee akaiacha nafasi ile tupu, akafunga kalamu. Kisha akaanza kukirudisha kigari chake chekundu kwenye boksi, polepole, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Ryohei alishuka na boksi lake, akakaa kwenye ngazi za nje. Akatoa Skyline, akajaribu kuikwaruza paa kwa ukucha. Haikukwaruzika. Alikuwa ameipaka vizuri, hiyo ndiyo iliyomuuma. Kazi ya kudumu, safi, isiyo na doa, na yote haifai. Akakwaruza tena, ukucha ukavunjika.

Kosugi akashuka, akasimama nyuma yake, akapumua kwa taabu ya unene. Akakohoa.

"Dogo."

"Nini."

"Na vile vioo vya pembeni. Cha kulia umekipachika kushoto."

Ryohei akageuza gari. Akatazama vioo. Dereva wa gari lile angekuwa anajitazama kifua.

"Umeona lini?"

"Siku ya picha."

Ryohei akatamani kulitupa lile boksi mpaka upande wa pili wa barabara, na Kosugi alifuate. Akashusha pumzi ndefu, akajisogeza ukutani, akamwachia nafasi kwenye ngazi.

"Kaa," akasema. "Kuna nini kingine?"

Kosugi akakaa, akavaa miwani, na akaanza na bampa.