Vidole Vitatu vya Maestro Clovis

Kwa miaka kumi na miwili nilimchukia maestro Clovis kila Jumamosi alasiri, na sababu ilikuwa vidole vitatu.

Clovis ndiye anayeongoza kwaya ya parokia yetu, katika mtaa wa Panda. Kabla hatujaimba chochote, hutupanga mstari, na kila mtu huweka vidole vyake vitatu, kimoja juu ya kingine, katikati ya meno ya juu na ya chini. Yeye hupita akikagua, mikono nyuma, kama alivyokuwa akikagua mashine kiwandani kabla ya pensheni. Mimi ninauza unga katika soko la Kikula. Sikuona kwa nini mama wa watoto wanne ajitie vidole mdomoni mbele za watu, na nilimwambia wazi, tena si mara moja. Mdomo wangu haukuumbwa kwa kunyamaza.

Mwaka jana gego langu la chini, la mwisho kabisa, lilianza kuniuma. Nilitafuna karafuu. Nilisukutua maji ya chumvi. Nilimeza vidonge vya rangi mbili vinavyouzwa sokoni bila kuulizwa unaumwa nini. Baada ya wiki maumivu yakakatika ghafla. Nilimshukuru Mungu, nikawatangazia wenzangu wa meza za jirani kwamba daktari wa meno ni wa watu waoga. Siku chache baadaye pakavimba chini ya taya. Jino haliumi tena, nikajiambia, uvimbe nao utaondoka wenyewe.

Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi niliyaficha kwa kitambaa cha maua nilichokifunga shingoni. Nilikuwa na sababu. Nilikuwa nimepewa zaburi ya sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia, niiimbe peke yangu mbele ya askofu. Viviane, msichana mwenye sauti nyembamba na subira ndefu, alikuwa akiingoja nafasi hiyo. Afadhali nife kuliko kumwachia, nilisema moyoni. Maneno mengine si ya kuchezea.

Jumamosi iliyofuata nilifika mazoezini na homa. Mate yalinijaa mdomoni, na kila nilipoyameza koo lilibana. Clovis akaanza kupita. Niliweka kidole kimoja. Cha pili kikagoma kuingia.

"Mama Blandine, bitatu," alisema.

"Leo minye sitaki, maestro."

Sauti ilitoka nzito, kama ya mtu anayesema na tonge la bukari mdomoni. Nilingoja anikaripie, maana jibu nilikuwa nalo tayari. Hakukaripia. Alisogea, akakishusha kitambaa changu bila kuomba ruhusa, akagusa chini ya kidevu kwa ncha ya kidole. Palikuwa pagumu na pa moto.

"Tangu siku ngapi kinwa inakataa kufunguka?"

"Siku mbili. Lakini jino iliacha kuuma."

Uso wake ulibadilika. "Mate, unaweza kumeza?"

Niligeuka nikatema kwenye leso. Hilo ndilo lilikuwa jibu langu.

"Tunaenda ku lupitalo."

"Kisha répétition, maestro," nilisema, maana mazoezi hayakuwa yameanza.

"Répétition imeisha," akasema, akafunga daftari lake. Huyu ni mtu aliyetuimbisha hata siku paa lilipovuja. "Viviane, beba sakoshi ya mama. Twende."

Ndani ya teksi ya kwenda hospitali, Viviane akiwa na mkoba wangu, nilitaka kujilaza. Clovis alinishika bega akanikalisha wima. "Ikala hivi. Hapana kulala." Hakuniachia mpaka tulipofika.

Daktari wa meno, mwanamke kijana aitwaye Jaël, alininyanyua ulimi akatazama chini yake, na papo hapo akawaita wenzake. Walipasua uvimbe, wakatoa usaha, wakang'oa jino, wakanitundikia dawa za kupitia mshipani. Nilipopata nafuu alinieleza bila kuzunguka. Jino liliacha kuuma kwa sababu lilikuwa limekufa. Usaha ukashuka chini ya ulimi na ulikuwa njiani kuelekea kooni.

"Mutu akishindwa kufungula kinwa, ao kumeza, ao akivimba chini ya taya na homa juu, asingoje hata siku moja," alisema. "Wee ungengoja kesho, njia ya pumzi ingeweza kufungika."

Siku ya nne nilipoweza kuongea vizuri, Clovis alikuwa pale na chupa ya uji wa soya. Nikamuuliza alijuaje. Alifungua mfuniko wa chupa, akanimiminia uji.

"Bibi yangu Suzanne alikuwa anaimba alto," akasema juu ya mkewe. "Siku moja ku répétition alifungula kinwa kidogo tu. Nilimupigia makelele mbele ya bantu. Nikasema ni buvivu. Aliniambia jino iliacha kuuma, na minye nikafurahi." Akanisogezea kikombe. "Kisha siku mbili tukamuzika."

"Basi bidole bitatu..."

"Haikuwa ya kuimba, mama. Ya kuimba, hata bibili inatosha," akasema, akiinua vidole viwili.

Nililia. Miaka kumi na miwili mtu huyu alikuwa akitulinda kila Jumamosi, nami nikimrushia maneno. Nilimwomba msamaha, nikamshukuru, nikamshukuru tena mpaka akaniambia uji unapoa.

Zaburi aliiimba Viviane. Mimi nilikaa benchi la nyuma na bandeji yangu. Aliimba vizuri kuliko nilivyotaka, na furaha niliyoisikia ilinishangaza mwenyewe. Nilikuwa hai, nikipumua bila kizuizi, nikimsikiliza mtu mwingine akiimba wimbo wangu.

Ilichukua mwezi mzima na zaidi kidole cha tatu kuingia tena. Jumamosi kilipoingia, Clovis alisimama mbele yangu muda mrefu kidogo kuliko kawaida, machozi yakamlengalenga, kisha akapita kwa mwingine. Kando yangu alikuwa mama mmoja mgeni, Stéphanie, ndiyo kwanza amejiunga. Alininong'oneza kwamba maestro huyu anasumbua, mtu mzima hawezi kujitia vidole mdomoni mbele za watu.

Nikatoa vyangu ili nipate kumjibu.

"Weka, mama," nikamwambia. "Bitatu."