Mtoto wa Pili wa Mama Kunegunda

Majivu ya tanuri la matofali yalimwingia Abdulhamid machoni, lakini aliendelea kuinama, akiyamwaga kwa kopo kuchora mistari ya uwanja. Ndivyo alivyofanya kila siku ya mechi tangu goti lilipomharibikia akaacha kucheza, akawa kocha. Leo Nyota ya Majengo, timu aliyoilea mwenyewe, ikishinda inapanda daraja.

Mwenyekiti wa klabu, Remmy Mapunda, alikuja na mtu aliyevaa trakisuti mpya.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Ila hapa niite Mwenyekiti. Huyu mpwa wangu, Sixbert. Benchi la leo ni lake."

Abdulhamid alinyoosha mgongo. "Leo? Hata majina ya wachezaji hayajui."

"Atayajua. Tatizo ni jina lako wewe. Huko juu wanachunguza uraia. Wakigundua Saimon Mapunda ni Myao wa Msumbiji, timu inafungiwa."

"Jina si ulinipa wewe?"

Ndiye aliyempa. Abdulhamid alipovuka Mto Ruvuma, kijana mwenye mbio zilizowatoa mabeki jasho, timu ilikuwa imeshajaza nafasi za wachezaji wa kigeni. Remmy akampeleka kijijini Maposeni kwa mama yake mzazi. Mama Kunegunda akaapa mbele ya viongozi wa soka kwamba huyo ni mtoto wake wa pili, Saimon. Uongo ule ukamkolea bibi. Mahindi ya kwanza ya kila msimu alimwekea mwanawe Saimon. Alipofariki, Abdulhamid alisimama kaburini pamoja na wafiwa, akatupa udongo.

"Mama alisema mimi ni mwanawe," alisema.

"Mama hayupo. Nenda kashtaki, uone nani atarudishwa ng'ambo." Remmy akaonyesha kwa kidole mbele ya benchi. "Umesahau boksi la kocha. Linyooshe vizuri, mdogo wangu. Waamuzi wa leo wakali."

Abdulhamid alijaza kopo. Akalichora boksi, pembe zote nne zimenyooka.

"Mzee, nyuma ya kamba," askari wa uwanjani alimwambia, akimwelekeza kwa watazamaji.

Mechi ilianza. Timu pinzani ilipofunga, nahodha Nassoro aligeukia benchi, akampita Sixbert kwa macho, akatafuta kwenye umati. Abdulhamid aliinua mkono mweupe kwa majivu kumwonyesha arudi nyuma.

Kipaza sauti kikakoroma: "Watazamaji hawaruhusiwi kuelekeza wachezaji."

Aliushusha, akauficha mfukoni na majivu yake. Nassoro alikuwa bado anamtazama.