Herufi za Makopo ya Jikoni

Shule niliishia darasa la tatu, na mwandiko wangu uliishia hapohapo. Naandika herufi kubwa tu, moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. Makopo ya jikoni nimeyaandika mwenyewe kwa kalamu nene: SUKARI, CHUMVI, MAJANI, UNGA. Hakuna aliyewahi kuyasema vibaya, maana kopo la chumvi halisomwi na wageni.

Naishi kwa mjukuu wangu, binti wa mwanangu, ambaye kazi yake ni kutengeneza mabango. Chumba cha mbele amekigawa kwa pazia: upande wa mlangoni kompyuta na mashine ya kukata stika, upande wa ndani jiko na mimi. Siku hiyo alikuja kinyozi mmoja aliyekuwa anafungua duka la kunyoa watoto tu. Watu wanamwita Kipara, kwa sababu kichwani hana hata unywele wa kusingiziwa. Jina la duka alishalipata, VICHWA VIDOGO. Kilichobaki ni herufi za bangoni.

Nilikuwa nyuma ya pazia nakunja nguo, nikawasikia wanavyohangaika. Mjukuu wangu alimfungulia herufi zilizovimba kama mapulizo, nyingine zina macho, nyingine kama zimeandikwa kwa chaki.

"Hizi nazijua," Kipara akasema. "Ziko kwenye duka la nepi, ziko kwenye keki, ziko mpaka kwenye gari la majitaka. Dada, mimi nataka herufi ambazo mtoto akiziona anasahau kulia."

"Namba ya simu nitaiandika kwa herufi za kawaida, isomeke," mjukuu akamjibu. "Jina ndilo tulichezee. Hebu ngoja, ninazo nyingine nazitengeneza mwenyewe. Hazijatimia bado."

Akazifungua. Halafu Kipara akaangua kicheko, kile cha mtu kushika mbavu.

"Ona hii K, imempiga jirani teke! Na S imeshiba, imelala kabisa! Nani kaandika, kuku?"

Mjukuu wangu naye akacheka. "Mtoto wa jirani. Ana miaka mitano."

"Basi mtoto ana kipaji huyo. Nataka hizohizo."

Nikasogeza pazia kwa kidole. Kwenye kioo cha kompyuta nikaziona, kubwa kama sahani. Zilikuwa herufi za makopo yangu. Kumbe alikuwa ameyapiga picha, mimi sina habari.

Kicheko cha Kipara hakikuniuma sana, yeye hanijui. Kilichoniuma ni cha pili. Nikarudi kwenye nguo zangu, nikakunja shati ambalo nilikuwa nimeshalikunja.

Kipara alipoondoka, mjukuu akaja na karatasi nyeupe na kalamu nene.

"Mke mwenzangu," akaniita, ndio utani wetu, "niandikie W, D na O. O ziwe mbili, kila moja kivyake. Zikifanana mno watu watajua ni mashine."

"Za nini?"

"Najaribu kitu tu." Hakunitazama.

"Weka hapo. Nitaandika kesho."

Kesho yake alipotoka kwenda kununua stika, nikakaa mezani. Nikajiambia, kama herufi zangu zinapanda juu ya barabara, basi hazitatoka nyumbani bila kuchana nywele. W nikaipigia rula pande zote. D nikaipa mgongo ulionyooka. O nikazizungushia kifuniko cha kopo. Niliposhindwa nilichana karatasi nikaanza upya, mpaka zikasimama wima. Nikaziacha mezani, nami nikakaa karibu nikisubiri sifa.

Mjukuu alirudi, akaishika karatasi. "Bibi! Umetumia rula?"

"Kwani ni dhambi?"

"Zimesimama kama askari wa gwaride! Hazitakaa na zile nyingine..." Akaukata usemi.

"Zile nyingine zipi?" nikamuuliza. "Za mtoto wa jirani?"

Akakaa kwenye kiti taratibu, na stika zake bado ziko kwapani.

"Ulisikia."

"Pazia ni kitambaa, mjukuu wangu."

"Niliona haya, bibi. Za mtoto zinapendeza. Nikisema ni za mtu mzima..."

Nikaomba karatasi nyingine. Nilitaka kuzipinda kama zile za makopo, maana bango lilitakiwa siku ileile. Wapi! D ikawa kama mtu mzima anayejifanya mlevi. Mkono ukishajitazama haurudi kuwa mjinga. Tukajaza karatasi mezani, hakuna hata moja iliyofaa.

"Hodi humu!" Alikuwa Kipara, ana pipi ya kijiti mkononi. "Yuko wapi fundi wangu mdogo? Nataka awe wa kwanza kunyolewa, bure, nimpige picha chini ya bango!"

Mjukuu wangu angeweza kusema mtoto kaenda shule. Nilimwona akiitazama ile pipi, nikatazama sakafu.

"Fundi ni huyu, bibi yangu," akasema. "Nilikudanganya. Nilimwonea haya."

Kipara akabaki na pipi yake hewani. Jasho likamtoka kichwani, na kichwa kile hakina pa kulificha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

"Lile neno la kuku..."

"Kuku nilimsikia."

Mjukuu akaanza kunong'ona kwamba atatafuta herufi nyingine, nami nikachukua kalamu, nipate tu mahali pa kuweka macho. Wawili wale wamenisimamia, uso unaniwaka, mkono unatetemeka. W ikapanda, ikateremka, ikajikwaa. D ikatoa tumbo. O ya kwanza haikufumba mdomo, ya pili ikabingirika nje ya mstari.

"Hizo! Hizohizo, bibi!" mjukuu akapaza sauti, na Kipara akapiga makofi. Kisha wote wawili wakaacha ghafla, wakatazama mkono wangu.

Bango likapandishwa. Wanasema watoto wanaingia pale wakicheka. Mjukuu aliniuliza kama aandike chini yake kwamba ni mwandiko wa bibi, nikamwambia asiandike. Kila jioni ananiuliza, "Umeliona?" Namjibu nimeliona. Sijaliona. Nikifika mtaa ule navuka upande wa pili, lakini Kipara ana macho ya mwewe, huacha kichwa cha mtoto nusu na kutoka mlangoni. "Shikamoo, fundi!" anaita, mtaa mzima unageuka. Nami naitikia marahaba nikitazama viatu vyangu, huku miguu ikiongeza mwendo.