Kuaga Nyumba ya Mdachi

Tangu azaliwe, mzee Matonya hakuwahi kulala katika nyumba isiyo na mwenyewe. Sasa kaamka ndani ya moja, tena hoteli ya Mdachi! Loisi, mpwa wake anayefua mashuka ya hoteli ile, ndiye aliyemwombea chumba cha uani. Hoteli iko ng'ambo tu ya reli. Ukikaa barazani unaona stesheni, boma na soko bila kunyanyua mguu, na wageni wa Kizungu waliipendea hilo. Matonya alifuata stesheni tu. Asubuhi ile garimoshi la wapagazi wa vita lingepita Dodoma, na ndani yake alikuwamo Petro, mwanawe pekee. Alitaka amtemee mate ya baraka mkononi kabla hajapelekwa huko wasikorudi watu.

Lakini Mgogo wa watu haondoki bila kuagana na mwenye nyumba na kusindikizwa mpaka njiani. Ukitoka kimyakimya umetoka na mkosi, na baraka ya mtu mwenye mkosi ni baraka gani?

"Mwenye nyumba yuko wapi?" alimuuliza Mzungu aliyekuwa akinywa kahawa.

"Mimi mgeni."

Wa pili naye mgeni. Matonya akamfuata mpishi.

"Mwenyewe yuko Ulaya, mzee."

"Sasa hawa wote wanamuaga nani?"

"Hawaagi. Wanajiondokea tu."

Lo! Watu wazima na ndevu zao! Matonya alirudi chumbani, akatoka, akarudi tena, hajui ashike lipi.

Honi ya garimoshi ikalia. Loisi akaja mbio, mikono imejaa povu.

"Mjomba, ndilo hilo! Unangoja nini?"

"Mwenye nyumba."

"Basi niage mimi! Si nafua humu, nafagia humu, nalala humu?"

Matonya alimtazama, hajui kama anataniwa. "Haya, mama. Nakuaga."

Loisi akamsindikiza mbiombio, akimvuta mkono.

Garimoshi halikusimama, lilipunguza mwendo tu. Milango ilikuwa imefungwa. Mikono ya vijana imechomoza kwenye mianya kati ya mbao za mabehewa.

"Petro!" Matonya aliita.

"Baba!" likajibu behewa la kwanza. "Baba!" la pili. "Baba!" na la tatu.

Petro ni yupi? Matonya alichanganyikiwa kabisa. Akawa anatemea kila mkono uliompita, mpaka kinywa kikamkauka, na mikono bado inakuja.