Reli Inayoishia Mlangoni

…na sasa wote wananitazama mimi, au tuseme wanautazama mkono wangu wa kulia uliolala juu ya kipanya, maana Asbjørn, mkuu wa mradi, ameshasema, "Haya Solrunn, tupe kijani chetu twende zetu milimani," na watu wamecheka kile kicheko cha mkutano wa mwisho kabla ya Pasaka, magari yako nje yamefungwa skii juu ya paa, mvua inayapiga, machungwa ya sikukuu yako kwenye buti za magari, wake kwa waume wanasubiriwa majumbani, na kati yao na milima nimebaki mimi tu, mratibu wa modeli, mwanamke wa kubofya, kwa sababu nisipobofya modeli ya jengo haitoki humu kwenye kibanda cha ujenzi kwenda kiwandani, na kiwandani wanaingoja leo hii waanze kukata mabati ya njia za hewa, na yakishakatwa yamekatwa… kijani, ndiyo, skrini nzima kijani, hakuna hata doa jekundu, bomba haligusi nguzo, nyaya hazigusi bomba, kompyuta imeipitia nyumba yote ya wazee chumba kwa chumba na kusema hakuna kinachogongana na mwenzake, na kompyuta haijadanganya, haijui kudanganya, imejibu ilichoulizwa… tulia Solrunn, usianze na neno kudanganya, Vegard si mwongo, Vegard, mchoraji wa mabomba ya hewa, ni mtu mzuri, juzi alinibebea kompyuta kutoka garini mvua isiilowanishe, hata sasa amekaa pale na soksi zake za sufu, amekunja mguu mmoja chini ya kiti, anajua ninachokitazama na anakitazama kikombe chake.

Maana alichofanya Vegard ni hiki, nikiseme kwanza kimoyomoyo nione kama kina sauti ya kichaa… kila chumba kina reli kwenye dari, juu ya kitanda, reli ya winchi, mgonjwa anavishwa kitambaa, ananyanyuliwa, anasukumwa taratibu juu ya mlango mpaka bafuni bila mtu kuvunjika, ndivyo ilivyochorwa, na bomba kubwa la hewa nalo likapitishwa palepale juu ya mlango wa bafu, korido nzima, kwa hiyo kila chumba kikawaka nyekundu, reli imepita tumboni mwa bomba, na wiki nzima Vegard alikuwa anatembea uso umemsawijika, nikamwonea huruma, nikamwambia lisogeze bomba lipite upande wa stoo, akasema hilo ni kuchora upya nusu ya ghorofa, Asbjørn atanila nyama… na leo asubuhi nafungua modeli, kijani, nikafurahi, kweli nilifurahi, nikasema Vegard mwanaume, amelisogeza, nikaingia chumbani kwa macho ya modeli, nikayashusha macho mpaka usawa wa mto, kama mtu aliyelala pale kitandani, nikatazama juu, nikaifuata reli, inakwenda, inakwenda, halafu imekwisha, imekatika kabla ya mlango, na bomba liko palepale lilipokuwa, limestarehe… hakusogeza bomba, alifupisha reli, katika kila chumba, na reli isiyofika haigusi kitu, mgongano umekwisha, hesabu imekuwa sifuri, sisi watu wa modeli tu ndio tunaoweza kukosea kosa safi namna hii, kosa lisilo na alama, kosa la rangi ya kijani.

"Kuna tatizo la mtandao?" anauliza Torhild, Torhild wa manispaa, mwenye jengo lake, na Asbjørn anasema, "Mtandao uko poa, Solrunn anatutamanisha tu," wanacheka tena, na ile keki ipo katikati ya meza, ya marzipani, ile lozi ya sukari, maana kwa Asbjørn modeli ikifika sifuri ni keki, ameileta mwenyewe, imeandikwa sifuri ya kijani juu yake… sasa niseme vipi, hapa kwetu hatusemi hapana, hapa tunajiuliza, mimi najiuliza tu kama, labda ingefaa tuangalie kidogo iwapo, na nilishajiuliza, nusu saa iliyopita nilijiuliza kwa adabu zote, "Mimi najiuliza tu kama reli inapaswa kuishia pale," na Asbjørn akajibu, "Swali zuri, litaangaliwa," na litaangaliwa maana yake ni kaburi, akageukia kahawa, na Vegard akasema bila kuniangalia, "Bafuni si wanaweza kutumia ile winchi ya magurudumu?" na mimi nikasema ile ya magurudumu haizunguki kwenye mlango mtu akiwa ananing'inia, na yule wa umeme akadakia, "Solrunn anataka kila mzee apewe lifti yake mpaka chooni," kicheko, hata mimi nilitabasamu, kinywa changu kijinga kilitabasamu chenyewe, halafu ndipo Torhild akasema lile lake, akalisema kwa upole kabisa, akaweka na mkono kifuani, "Jamani, wahudumu wetu ni watu wa kujituma, watapata namna"… kujituma.

Hilo neno nalijua, nimelisikia likisomwa kwenye karatasi mbele ya wazee na chungu cha maua, mkuu wa nyumba ya wazee ya zamani, ile iliyo mteremkoni chini ya kanisa, anamuaga mama yangu akistaafu uhudumu, Borghild ni mtu wa kujituma, hajawahi kulalamika, na mama amesimama akisikiliza, amesimama kwa sababu kukaa kulikuwa kumeshamshinda, watu wakidhani ni heshima… mama alikula amesimama miaka yote ya utoto wangu wa shule, anakata jibini la kahawia amesimama kaunta, sisi tumekaa, "Kaa basi mama," "Nimekaa kutwa," anasema, mwongo mkubwa, kutwa alikuwa anamkumbatia mtu mzima kifuani na kumtoa kitandani, mguu mmoja kizingitini, huku anamwambia bwana Kolbein tucheze dansi, moja mbili tatu twende, mpaka chooni, kisha mwingine, na usiku nasikia kitanda chake kinalia akijigeuza kwa awamu, kwanza mabega, halafu nyonga, halafu kimya, na ukimuuliza, "Mgongo ni mgongo, mwanangu, unachakaa," na mimi nikaamini, sote tuliamini, baba aliamini, daktari aliandika hivyohivyo, mgongo umechakaa, kama vile ni soli ya kiatu, kama vile ilikuwa kazi ya miaka tu na hakuna mtu…

"Solrunn, rafiki yangu," anasema Asbjørn, sasa ameacha mzaha, sauti imeshuka, ile sauti yake nzuri anayowapa watu wenye msiba, "kama kuna jambo dogo tuliandike, tutalibeba baada ya sikukuu, lakini tusizuie jengo zima," na Asbjørn naye si mbaya, hilo ndilo linalonikera, laiti angekuwa mbaya, ningemrushia kahawa yake usoni tukamaliza, lakini ameshaiahidi manispaa kijani kabla ya Pasaka, hajalala vizuri, binti yake anasubiri kuchukuliwa, anataka tu watu wema wakubaliane jambo waende nyumbani, na humu ndani wote ni wema, tazama, Vegard mwema, Torhild mwema, yule wa umeme ni mpumbavu lakini mwema, kuna joto, kuna kahawa, kuna keki, hakuna hata mmoja anayemtakia mtu mabaya… na hapo ndipo kinanipata, hapohapo, nimekaa mkono umelala kwenye kipanya, kwamba na kule kulikuwa na chumba, kabla ya ile nyumba chini ya kanisa kujengwa kulikuwa na chumba cha namna hii, na meza, na karatasi za ramani badala ya skrini, na mtu akasema mlango wa choo tuubane kidogo ukuta upite, na mwingine akasema wahudumu watapata namna, na waliokuwepo wakatikisa vichwa, wakavaa makoti yao wakaenda kula na watoto wao, hawakuwa wabaya, hawakumjua Borghild, mama alikuwa bado msichana anauza maziwa dukani kwa mjomba wake, na pale mezani mgongo wake ulishachorwa, ulichorwa, haukuchakaa, mama, haukuchakaa, umenidanganya na wewe umedanganywa, mgongo wako uliwekwa kwenye ramani kwa penseli na watu wenye haraka, ukaja kuulipia wewe peke yako umesimama kaunta.

Mungu wangu, nina hasira, na nilikuwa nadhani ni woga, tangu asubuhi nadhani ni woga, mapigo ya moyo yaleyale, viganja vilevile vya jasho, nikawa natafuta sentensi ya kuifunikia, najiuliza tu, labda ingefaa, kumbe ni hasira na ni yangu halali, na haimtaki Vegard, wala Asbjørn, inakitaka hiki kichwa kinachotikisika kukubali, hiki cha kwangu kwanza… kwa sababu ndani ya kile chumba cha zamani huenda alikuwepo mmoja aliyeuona ule mlango, kwa nini asiwepo, yupo siku zote, aliyeona na akatabasamu wenzake walipocheka, na sasa hakuna anayejua alikuwa nani, amepona, jina lake safi, na mimi sitaki jina safi, wachukue, waseme Solrunn alituharibia Pasaka, Solrunn aliirudisha ghorofa nzima nyekundu kwa ajili ya choo, waniite mkaidi kuanzia hapa mpaka mjini Volda, waniondoe kwenye mradi wakiweza, wamlete mwingine wa kubofya, lakini huyo mwingine itabidi akae kiti hiki akitazame chumba hiki kwa usawa wa mto, kwa maana hapo ndipo nitakapoyaacha macho ya modeli, pale kitandani, naanza kuyapeleka sasa, kipanya kinasogea, wote wanainua nyuso wakidhani nabofya, na picha kwenye skrini inashuka, inashuka, mpaka mto, na juu yetu sote ikatokea dari, reli, na ile nafasi tupu kati ya mwisho wa reli na mlango, pana kiasi cha mwanamke mmoja kusimama amemkumbatia mtu.

Hakuna anayecheka. Vegard ametazama juu hatimaye, Torhild ameshusha mkono uliokuwa kifuani, na Asbjørn, ambaye bado hajaelewa au ameelewa na anaomba isiwe, anasema polepole, "Solrunn? Upo?" na sijabofya, na keki haijakatwa, na magari yako nje kama yalivyokuwa.

"Nipo," nasema. "Na mnaweza kuwapigia simu nyumbani, muwaambie mtachelewa."